Waliokosekana kwenye Orodha

Faili la Sekela Ambokile liliingia mezani kwa Atuganile saa nne asubuhi, katikati ya mafaili sitini ya vijana wa Rungwe waliokuwa wameomba kwenda Jukwaani. Sheria ya ofisi ilikataza mtumishi kugusa faili la ndugu yake. Atuganile aliijua sheria hiyo vizuri, kwani ndiye aliyewasomea waajiriwa wapya kila Januari. Alisimama, akafunga mlango wa chumba cha makadirio, akarudi kuketi, akalifungua faili la binti yake.

Namba ilikuwa kumi na nne.

Alishusha pumzi. Aliyetaka kupanda Jukwaani alitakiwa kuwa na namba isiyozidi ishirini. Jukwaa lilielea kilomita ishirini juu ya Mlima Rungwe, likiwa limebebwa na maputo sita, kila moja kubwa kuliko kiwanja cha mpira. Watu thelathini waliishi humo kwa zamu za miezi saba, wakisoma mawingu na kuzielekeza mvua za nusu ya bara. Upepo wa juu ulipochafuka, chombo cha kuwashusha hakikuweza kuruka, na kuna miaka ulichafuka wiki sita mfululizo. Huko juu hapakuwa na chumba cha upasuaji. Mtu akipasuka utumbo katikati ya wiki hizo, wenzake wangemtazama akifa.

Ndiyo sababu ya namba. Mwombaji alimeza kidonge chenye jicho, kikatembea siku moja na nusu tumboni kikipiga picha na kuvihesabu vijidudu vinavyoishi humo. Alitoa damu. Kisha alijibu maswali arobaini: kama anavuta sigara, kama alipewa dawa za kuua bakteria mara nyingi alipokuwa mchanga, kama ametolewa kidoletumbo, anakula nini, alikulia mjini au shamba, wazazi wake wanaumwa nini. Mashine ambayo watu wote waliiita Mtabiri ilichanganya majibu hayo na kutoa namba moja: kati ya watu mia wanaofanana na wewe, ni wangapi watalazwa kwa ugonjwa mkubwa wa tumbo ndani ya miaka kumi.

Kwenye swali la wazazi, Sekela alikuwa amejibu kama alivyofundishwa tangu utotoni. Mama: hana ugonjwa wowote.

Atuganile alikuwa na ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa utumbo usiopona, kwa miaka ishirini na sita.

Alifungua nakala ya majaribio, ile ambayo haihifadhiwi popote, akabadilisha jibu hilo moja tu. Hakugusa kingine. Mtabiri alifikiri kwa muda wa kukohoa mara moja.

Thelathini na tatu.

Mtu mwingine angefuta nakala ile na kwenda kunywa chai. Atuganile alikuwa fundi wa makadirio, na kitu kilimkera kichwani mwake kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Jibu moja haliwezi kupandisha namba kutoka kumi na nne hadi thelathini na tatu. Alijua alichokisoma na alijua alichokiona katika maisha yake: kuwa na mzazi mwenye ugonjwa huu kunaongeza hatari ya mtoto, ni kweli, lakini watoto wengi wa wagonjwa hawaugui hadi wanazeeka. Akaomba Mtabiri amwonyeshe alijifunzia wapi.

Ilikuja orodha ya familia sitini na moja, kwa nchi nzima. Alizisoma moja moja hadi saa saba. Karibu zote ziliingia kwenye orodha kwa njia moja: mtoto aliletwa hospitali ya rufaa akiwa hoi, madaktari wakauliza kuhusu mzazi, naye mzazi akakutwa mgonjwa. Familia ambazo mzazi aliugua na watoto wakabaki wazima hazikuwamo. Wazazi wale hawakuwahi kujiandikisha kuwa wagonjwa. Kwa nini wajiandikishe, wakati namba ya mtoto ingepanda?

Kwa hiyo Mtabiri aliamini kwamba ugonjwa ukiwa kwa mama, upo pia kwa mtoto. Hakuwa na kosa. Alikuwa amedanganywa, na mmoja wa waliomdanganya alikuwa ameketi mbele yake.

*

"Nilijua utalifungua," Sekela alisema jioni hiyo, baada ya mama yake kumweleza yote. Walikuwa jikoni. Alikuwa akimenya ndizi, na kisu hakikusimama. "Ningekuwa wewe ningelifungua pia. Sasa umeona kumi na nne. Tatizo liko wapi?"

"Nimekueleza."

"Umeniambia Mtabiri amekosea. Sawa. Amekosea kwa faida yangu."

Sekela alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amekariri majina ya mawingu kabla ya kukariri majedwali ya kuzidisha. Chuo cha hali ya hewa kilikuwa kimempendekeza yeye na kijana mmoja tu wa Kyela.

Atuganile alivuta kiti, akakaa. Kiuno kilimuuma, siku zake za sindano ya kuutuliza ugonjwa zilikuwa zimekaribia, na wiki ya mwisho kabla ya sindano ilikuwa hivyo siku zote, mwili ukimkumbusha. "Mtabiri hufundishwa upya mara moja kila miaka mitano," alisema. "Mara hii dirisha la kupokea taarifa linafungwa mwisho wa mwezi ujao. Nikijiandikisha na historia yangu yote, na wengine kama mimi wakajiandikisha, hesabu itabadilika. Tusipojiandikisha, itabaki hivi kwa miaka mingine mitano, na kila mtoto wa mgonjwa atakayesema kweli atakataliwa."

"Na mimi?"

"Nikijiandikisha, namba yako itabadilika siku hiyo hiyo. Thelathini na tatu. Orodha ya mwaka huu itakuacha."

Kisu kilisimama.

"Subiri nipande kwanza," Sekela alisema. "Zamu inaanza Agosti. Nikishafika huko hawawezi kunishusha. Halafu sema unachotaka."

"Dirisha litakuwa limefungwa."

"Basi miaka mitano ijayo."

Jambo hilo Atuganile alikuwa amelifikiria njia nzima kutoka kazini, na alikuwa ameliona kuwa tamu. Alimwangalia binti yake, akaona mabega ya Ambokile, yule baba aliyeondoka wakati mtoto ana miaka minne, na akaona mdomo wake mwenyewe.

"Mimi niliugua nikiwa na umri kama wako, Lusaka, chuoni," alisema. "Mwaka mzima waliniambia ni amiba, kisha taifodi, kisha vidonda vya tumbo. Wakanipa dawa za kifua kikuu cha utumbo miezi sita. Nilikuwa navuta sigara wakati ule, pakiti moja kwa siku mbili, na nilikuwa nikimeza vidonge vya maumivu kama karanga, vile vile ambavyo vinaunguza utumbo zaidi. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema. Siku waliponipasua, walikata utumbo urefu wa mkono huu." Alionyesha kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. "Sasa fikiria wewe uko juu kule. Tumbo linaanza. Hakuna hata mtu mmoja kwenye Jukwaa anayejua kwamba mama yako anaumwa hivi. Watakupa nini?"

"Vidonge vya maumivu," Sekela alisema polepole.

"Sisemi utaugua. Huenda usiugue kamwe. Nasema kwamba nimekufundisha kunyamaza, na nilikufundisha vibaya."

"Kwa hiyo unaniomba ruhusa."

"Naomba. Ukisema hapana, sitajiandikisha. Namba ni yako."

Sekela alirudi kwenye ndizi zake. Siku mbili hakumsemesha mama yake isipokuwa salamu. Siku ya tatu, Atuganile akiwa anavaa viatu vya kazini, Sekela alikuja kusimama mlangoni.

"Nimejaribu kufikiria nikiwa kule na tumbo limeanza," alisema. "Nimejiuliza ningemwambia nani. Nimeona nisingemwambia mtu. Ningenyamaza hadi nianguke, kwa sababu najua jinsi ya kunyamaza kuliko ninavyojua kitu kingine." Alifuta macho kwa mgongo wa mkono, kwa hasira. "Jiandikishe. Lakini usiende peke yako. Ukienda peke yako nitakuwa nimekosa nafasi bure."

*

Kwa miaka kumi na mmoja Atuganile alikuwa akichomwa sindano kila wiki ya nane katika kliniki ndogo ya mtu binafsi mjini Mbeya, kwenye chumba chenye viti vinne vya kulalia. Waliokuja pale hawakuulizana majina ya ukoo. Walijuana kwa namna walivyokaa, kwa kujua choo kiko wapi kabla ya kuambiwa, kwa kutokula kitu asubuhi ya safari. Sasa alianza kuuliza majina.

Aliwaeleza bila kupamba. Alimweleza mwanamke muuza vitenge kwamba watoto wake watatu wazima ni ushahidi ambao Mtabiri hajawahi kuuona. Mwanamke alimsikiliza hadi mwisho, akasema mwanawe wa pili anafunga ndoa Desemba na wakwe, kama wengi siku hizi, wameomba kuiona namba yake. Hakujiandikisha. Mzee mmoja mstaafu wa reli alisema ndiyo kabla Atuganile hajamaliza sentensi. Padre mmoja alisema hana watoto lakini ana dada wanne, je, dada wanafaa? Wanafaa, Atuganile alimwambia, ndugu wa damu wote wanafaa, wazima na wagonjwa, na hasa wazima.

Kila aliyekubali alimtajia mwingine. Atuganile alikwenda Songwe, akaenda Makambako, akaenda hadi Sumbawanga. Katika safari hizo aliikosa sindano yake kwa siku kumi na mbili. Alijua anachofanya. Kule Sumbawanga alitapika nyuma ya nyumba ya wenyeji wake, akasukutua mdomo, akarudi ndani kuuliza maswali arobaini.

Watu walimuuliza jambo moja kila mahali: mimi nilikosea nini hadi nikaugua? Mmoja alidhani ni pilipili. Mwingine alidhani ni kisirani cha shangazi yake. Dada mmoja wa Makambako, aliyekuwa na uzito wa mtoto wa darasa la sita, alisema alizaa akiwa na mawazo mengi na mawazo yakashuka tumboni.

"Hukukosea kitu," Atuganile alimwambia. "Askari wa mwili wako wamekosea adui, wanaupiga utumbo wako mwenyewe. Kuna watu wanaozaliwa na njia fupi ya kufika huko. Halafu vitu vingine vinasukuma: sigara, dawa za utotoni, vyakula vya viwandani, vijidudu vilivyopungua tumboni. Hakuna kimoja kinachotosha chenyewe. Mawazo yanaweza kuufanya ugonjwa usumbue zaidi ukishakuwa nao, lakini hayakukuletea. Sigara unavuta?"

"Ugoro."

"Acha. Hilo ndilo ulilo nalo mkononi."

Zilipobaki siku nne dirisha lifungwe, alikuwa na familia mia moja na hamsini na moja. Katika familia hizo mlikuwa na watoto mia nne na kumi na wawili wa wagonjwa. Waliougua walikuwa ishirini na sita.

*

Daktari Novatus Kagaruki, mkuu wa ofisi ya makadirio, alisoma karatasi ya juu mara mbili. Alikuwa mtu wa utaratibu, mwenye kalamu tatu mfukoni zilizopangwa kwa rangi.

"Mama Sekela," alisema. "Familia ya kwanza katika orodha hii ni ya kwako."

"Ndiyo, Daktari."

"Umesaini fomu ya afya ya mtumishi kila mwaka kwa miaka kumi na minne. Zote umeandika huna ugonjwa."

"Ndiyo. Nilidanganya mara kumi na nne."

Aliiweka karatasi chini. "Unajua nitalazimika kukusimamisha kazi. Na namba ya binti yako itabadilika kabla hujafika getini."

"Najua. Naye anajua."

"Basi niambie kama mtaalamu, usiniambie kama mama." Kagaruki aliegemea mbele, na sauti yake haikuwa na ukali. "Hawa mia na hamsini wamejileta wenyewe. Wametajana. Labda wenye watoto wagonjwa wamejificha, wenye watoto wazima wakajitokeza. Nitajuaje kwamba hujanitengenezea kosa jingine, la upande wa pili?"

Lilikuwa swali zuri, na Atuganile alilipenda hata pale alipokuwa akiumia. "Huwezi kujua kwa hawa peke yao," alisema. "Ndiyo maana nimeandika hata waliokataa. Hamsini na tisa. Majina hayamo, lakini idadi ya watoto na hali zao nimeziweka kwa ruhusa yao. Na hao sitini na moja wa zamani usiwatoe. Waweke wote pamoja, mwambie Mtabiri kila familia iliingia kwa njia gani, aipe uzito wake. Usiniamini mimi. Amini utaratibu."

Kagaruki aligeuza kurasa hadi mwisho, akaona jedwali la waliokataa.

"Mimi nina dada," alisema hatimaye, macho yakiwa bado kwenye jedwali. "Bukoba. Yuko hivyo hivyo, tangu tuko wadogo. Nina watoto wawili." Alichukua kalamu nyeusi, akasaini kupokea nyaraka. Kisha akachukua fomu tupu kutoka kwenye droo, akaiweka mbele yake mwenyewe. "Nenda nyumbani, Mama Sekela. Barua ya kusimamishwa utaipata kesho. Hii nyingine niachie, nina la kuandika."

*

Sekela alitolewa kwenye orodha siku hiyo saa nane mchana. Kijana wa Kyela alipanda Agosti. Walimwona kwenye taarifa ya habari akipunga mkono, na Sekela aliitazama taarifa yote, hadi kwenye bei za mazao, ndipo akazima.

Atuganile alilazwa mwezi mzima. Sindano iliyokosa muda wake ilikuwa imefungua njia, utumbo ukavimba mahali palepale ulipounganishwa zamani, na madaktari wakasema huenda wakapasua tena. Hawakupasua. Alitoka na kilo saba pungufu, akajifunza upya kula: wali laini, samaki, maboga, ndizi zilizopikwa hadi zikalegea, kidogo kidogo mara sita kwa siku. Sekela ndiye aliyepika. Walikuwa wakigombana kuhusu chumvi, na kugombana huko kuliwafaa wote wawili.

Barua ya kusimamishwa ikawa ya kuachishwa. Hakukata rufaa. Alikuwa amedanganya kweli.

Mwezi wa tatu Mtabiri mpya alitangazwa. Namba za maelfu ya watu zilihesabiwa upya kwa siku moja, na wengi hawakujua sababu. Sekela aliisoma ya kwake kwenye simu, akampa mama yake simu.

Ishirini na moja.

"Moja," Atuganile alisema. "Imezidi kwa moja."

"Si thelathini na tatu." Sekela alikuwa tayari ameketi mezani na kalamu. "Wenye ishirini na moja hadi thelathini wanaruhusiwa kuomba kusikilizwa. Nimesoma kanuni zote nikikungoja wodini. Nataka uniambie kila dalili ya mwanzo, kwa mpangilio, hata zile ambazo unaona aibu kuzisema."

Walikaa mchana wote. Vidonda vya mdomoni. Uchovu usioondoka kwa kulala. Uzito unaopungua wakati mtu anakula. Maumivu upande wa kulia chini. Damu chooni. Sekela aliandika yote bila kuinua macho, kisha akaandika mpango: kipimo cha choo kila wiki ya nne akiwa juu, dawa za kutuliza zichukuliwe mapema kabla ya upepo kuchafuka, ashushwe kwa dalili ya pili bila kungoja ya tatu, na vidonge vya maumivu vya aina ile visitolewe kwake kabisa.

Jopo lilimsikiliza kwa saa mbili. Mjumbe mmoja alimuuliza kama haogopi. Sekela alisema anaogopa, na kwamba kati ya wote thelathini watakaokuwa juu atakuwa pekee anayejua cha kutazama. Walimpa ndiyo yenye masharti tisa. Manne kati ya hayo alikuwa ameyaandika yeye. Miezi miwili baadaye Jukwaa likataka wapandaji wote, wenye namba yoyote, wapimwe kila wiki ya nne.

Siku aliyopanda, Atuganile alisimama uwanja wa ndege wa Songwe na wazazi wengine. Mwanawe alimkumbatia kwa nguvu, akamwambia asikose sindano. Chombo kilipotea juu kama sindano kwenye pamba. Atuganile alingoja hadi shingo ikauma, kisha akaenda kutafuta choo.

*

Siku hizo alikuwa amepanga chumba kimoja karibu na stendi ya Tukuyu. Hakuweka kibao. Watu walikuja kwa kuambiana, na yeye aliwasaidia kujaza maswali arobaini, au kutoyajaza, kwa namna walivyoamua.

Jumanne moja mvua ikinyesha, aliingia mwanaume mrefu mwenye koti lililomzidi, koti la wakati alipokuwa mnene. Alisema anaitwa Kibona, mwalimu wa hesabu kutoka Ileje. Alibaki amesimama karibu na mlango.

"Nina msichana," alisema. "Anapimwa wiki ijayo. Bado sijaandika kitu. Nimeambiwa wewe uliandika, na mtoto wako akapanda."

"Alipanda baada ya kukosa mwaka. Alikatwa kwanza," Atuganile alisema. "Mimi nilifukuzwa kazi na nikalazwa mwezi mzima. Wa kwako labda hatakatwa, hesabu ya sasa ni nzuri kuliko ile. Lakini siwezi kukuahidi, mwalimu. Anayekuahidi anakudanganya."

Mwalimu Kibona aliangalia mlango, kisha akaangalia mikono yake. Maji ya mvua yalimdondoka kwenye koti hadi sakafuni.

"Yeye mwenyewe anajua?" Atuganile aliuliza.

"Hajui. Hata mke wangu hajui vizuri. Nawaambia ni vidonda vya tumbo."

"Miaka mingapi?"

"Tisa." Aliposema hivyo alishtuka kidogo, kana kwamba ni mtu mwingine aliyesema. "Tisa na nusu."

Atuganile aliinuka, akamvutia kiti, akakiweka upande wake wa meza mahali ambapo mtu haangaliani na mlango. Alimmiminia maji ya moto kikombeni, bila majani ya chai, kwa kuwa alijua majani yangemsumbua. Hakuchukua fomu.

"Kaa, mwalimu," alisema. "Fomu baadaye, kama utaitaka. Nianzie siku ya kwanza. Ulikuwa wapi ilipoanza?"

Mwalimu Kibona alivua koti, akaketi, akaanza kusema.